Shahidi wa Sechelela

Wendo Chilewa alianza kumwonea wivu wifi yake siku ile mwanawe alipotamka neno lake la kwanza. Sechelela alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili, amekaa sakafuni jikoni, na neno lenyewe lilikuwa "Peri." Perisi, dada mdogo wa Lameck, aliacha unga aliokuwa akiuchekecha, akakaa chini na kulia kwa furaha. Wendo naye alicheka, akapiga makofi, na jioni akamsimulia mumewe kama mtu anayesimulia harusi. Kisha akaingia bafuni, akafungua maji, akabaki humo mpaka mgao wa siku ukakatika.

Perisi hakuwa na kosa. Alikuja kuishi nao Ntyuka, kusini mwa Dodoma, Sechelela alipokuwa na mwaka mmoja, kwa sababu Wendo alikuwa amerudi kazini kwenye minara ya umande. Minara hiyo ilisimama juu ya vilima vyote vinavyouzunguka mji, ikivuna unyevu wa alfajiri na kuushusha kwenye mabomba, na bila hiyo mji ule mkavu usingeweza kubeba watu wake milioni nne. Fundi wa mnara huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurudi saa kumi na moja jioni. Aliyemwamsha mtoto ni Perisi. Aliyemwogesha, akamlisha, akambeba wakati wa homa, ni Perisi.

Kufikia miaka sita Sechelela alikuwa na maneno manne tu, na matatu kati ya hayo aliyasema Perisi akiwepo. Ukimwita jina hakugeuka. Mashine ya kusagia ya jirani ikianza kunguruma, aliziba masikio na kujikunja chini ya meza. Aliweza kukaa saa nzima akigongagonga bakuli la bati kwa kijiko, na Wendo, aliyerudi na kichwa kinachouma, alikuwa akimwomba wifi yake amnyang'anye. Perisi hakumnyang'anya. Alimchukua mtoto na bakuli lake wakaenda kukaa uani.

Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshamwambia Wendo kwamba huenda ni usonji. Lakini neno la muuguzi si cheti, na cheti ndicho kilichotakiwa. Sheria ya elimu ilikuwa wazi: mtoto akitimiza miaka saba anaanza shule, na akianza shule anavalishwa Sauti. Ni kifaa kidogo cha sikioni kinachoongea na kila mtoto peke yake tangu asubuhi hadi mchana, kikimwita jina, kumsahihisha, kumsifu. Watoto wengi walijifunza kusoma kwa miezi mitatu. Mtoto mmoja wa mtaa wa pili, ambaye naye hakupenda kelele, alijikwaruza sikio mpaka likatoa damu kabla wazazi wake hawajamtoa shule, na walipomtoa wakaitwa kwa mtendaji wa kata kujieleza. Aliyekuwa na cheti cha usonji alisamehewa Sauti na kufundishwa na mwalimu mtu, katika chumba chenye watoto wanane. Hospitali za umma zilitoa cheti hicho bure, ila orodha ya kusubiri ilikuwa miaka mitatu, na Sechelela alikuwa amebakiza miezi minne.

Ndiyo maana Wendo aliuza sehemu yake ya shamba la zabibu, urithi wa baba yake kule Hombolo, akaomba nafasi katika kliniki moja ya binafsi pale Iyumbu iliyoitwa Mizani.

Kliniki ilituma fomu kwanza, pamoja na maelezo. Kipimo chao kiliitwa Kioo. Mtoto hakupimwa peke yake bali pamoja na mtu mzima ambaye mtoto hutulia anapokuwa naye, na mtu huyo aliitwa shahidi. Jina lake lingeandikwa kwenye cheti. Baada ya hapo angewekewa kijiwe chini ya ngozi, nyuma ya sikio, na kupitia kijiwe hicho hofu ya mtoto na utulivu wake vingefika mwilini mwake popote alipo. Hadi mtoto atimize miaka kumi na miwili, shule na hospitali zingemsikiliza shahidi kabla ya mtu mwingine yeyote. Shahidi alikuwa mmoja tu, kwa kuwa vijiwe viwili vya mtoto mmoja huvurugana.

Wendo alisoma sehemu hiyo mara tatu. Kisha akafika kwenye mstari uliosema: andika watu wote wanaoishi na mtoto. Akaandika jina lake na jina la Lameck. Siku ya pili yake akampigia simu mama mkwe wake Mpwapwa, na wakakubaliana kwamba Perisi aende huko wiki moja kumsaidia, maana mguu wa mama ulikuwa umevimba. Mguu ulikuwa umevimba kweli, na kwa sababu hiyo Wendo hakujiona kama mtu aliyesema uongo.

*

Dakta Elineema Mshana alikuwa mtu wa Same, mzee mwenye sauti ya chini, na bado alivaa miwani wakati watu wa rika lake walikuwa wameshabadilisha macho. Chumba chake kilikuwa na zulia, meza fupi, sanduku la vitu vya kuchezea na mlango mmoja. Ukutani hapakuwa na picha yoyote. Alimwacha Sechelela azunguke chumba kwanza, akampa kofia nyepesi iliyofumwa kwa nyuzi kama za buibui, akaiacha juu ya zulia mpaka mtoto mwenyewe akaigusa, akainusa, na mwisho akakubali kuvalishwa. Hilo pekee lilichukua muda wa kuiva wali. Wendo alivaa ya kwake mara moja.

Kisha yakaja maswali ya kawaida, yale yale ambayo madaktari waliyauliza kabla Kioo hakijabuniwa. Je, mtoto hukuonyesha kitu kwa kidole ili na wewe ukione? Hupanga vitu mstari? Chakula gani hakigusi? Wendo alijibu vizuri mwanzoni. Dakta alipouliza ni nini humtuliza mtoto anapozidiwa, akakwama. Alijua kwamba Perisi humpeleka uani, lakini kule uani walifanya nini, hakuwahi kwenda kutazama.

"Namwimbia," akasema.

"Wimbo gani, mama?"

Akataja wimbo wa kanisani. Dakta akaomba auimbe. Wendo akauimba, na Sechelela akaingia chini ya meza.

Juu ya meza palikuwa na bamba jembamba lililoonyesha mistari miwili, wa mama na wa mtoto. Dakta alimweleza kwamba mtoto akiwa karibu na shahidi wake, mstari wake hupungua mikiki na kuanza kuufuata wa mtu mzima, kama ndama anayefuata mama yake malishoni bila kumgusa. Hapo ndipo Kioo kinapoweza kuona kilicho chini ya woga: kama mtoto anaelewa anachoambiwa, kama anakumbuka, kama anataka kuongea akashindwa. Mtoto asipotulia, Kioo huona woga tu. Wendo hakuhitaji kuuliza. Aliona mwenyewe mstari wa mwanawe ukiruka peke yake, wala haukuukaribia wake hata mara moja.

Muda fulani mlango ulifunguliwa. Alikuwa Lameck, amewaletea maji. Mstari wa Sechelela ulipanda ghafla ukawa mrefu kuliko wote, halafu alipoona ni baba yake ukashuka. Dakta aliutazama. Baada ya nusu saa msaidizi akaingia kuchukua faili, na mstari ukapanda tena vile vile, ukashuka vile vile.

Walipomaliza, dakta aliomba kuongea na Wendo peke yake. Alimwambia kwamba kwa kipimo cha siku ile asingeweza kuandika usonji. Kioo kilikuwa kimempa kundi la tatu, watoto wasio na mtu wa kutulia naye, na watoto wa kundi hilo walipelekwa kwenye bweni la serikali kule Kongwa.

"Lakini mimi siamini karatasi hii," dakta akasema. "Kila mlango ulipofunguliwa, mtoto wako alimtarajia mtu. Mtoto asiye na mtu hatazami mlango. Ni nani ambaye hayupo hapa?"

"Hakuna," Wendo akasema.

Dakta alivua miwani akaifuta. Akasema hakuwa polisi, na watu walikuja kwake na mambo mazito kuliko hilo. Akamweleza kwamba zilikuwepo njia mbili. Ya kwanza ni kumleta mtu huyo. Ya pili iliitwa hamisho. Kwa siku thelathini mtu yule angeondolewa kabisa katika maisha ya mtoto, sauti yake, nguo zake, harufu yake, na mama angevaa kofia pamoja na mtoto saa mbili kila siku. Kofia ingemfundisha mtoto, polepole, kumtafuta mama pale alipozoea kumtafuta yule mwingine. Ilifanikiwa kwa watoto wanane katika kila kumi.

Wendo akauliza kama mtoto huumia.

"Haumii. Ila vitu alivyovijenga na mtu yule huweza kwenda naye. Maneno, michezo, mazoea. Hatujui vipi vitakwenda mpaka viishe kwenda." Akairudisha miwani usoni. "Sheria inairuhusu. Imewekwa kwa ajili ya watoto waliofiwa. Wewe unajua kama wako amefiwa."

Wendo alisaini hapo hapo, kabla moyo haujampoa.

*

Garini Lameck alingoja mpaka walipopita njiapanda ya Iyumbu. Gari lilijiendesha lenyewe, kwa hiyo hakuwa na pa kuyaficha macho. Alikuwa mtu mpole, mwalimu wa hesabu chuoni, na katika miaka tisa ya ndoa Wendo hakuwahi kumsikia akipandisha sauti. Hata siku ile hakuipandisha. Aliuliza kwa nini jina la Perisi halikuwepo kwenye fomu aliyoiona mikononi mwa msaidizi. Wendo akamwambia, na habari ya hamisho pia.

"Dada yangu si mwizi, Mama Seche."

"Sijasema ameiba. Nasema kitu changu kiko kwake."

Lameck akamtazama mtoto aliyelala kiti cha nyuma, akasema kwamba Sechelela si kitu. Wendo alijua kwamba ni kweli, na kwa kuwa ni kweli akakasirika zaidi. Akamuuliza kama anajua inakuwaje kumzaa mtoto kwa kupasuliwa, kisha kurudi kila jioni na mtoto hainui hata uso, akitazama mkono wa mwanamke mwingine. Lameck akasema hajui. Na kwa vile alikuwa mtu wa kuogopa ugomvi, na bweni la Kongwa alikuwa amelisikia, akakubali hamisho.

Perisi aliambiwa abaki Mpwapwa mwezi mzima. Hakuuliza sababu. Kwenye simu aliuliza tu kama mtoto anakula, akaeleza kwamba chapati asikatiwe, apewe nzima aikate mwenyewe, na maji ya kuoga yatangulie miguuni. Wendo akasema sawa. Baada ya kukata simu alikusanya kanga za wifi yake, mto wake, sabuni yake, na kofia ya kulalia iliyobaki nyuma ya mlango, akavipeleka vyote stoo ya kazini. Kanga moja aliinusa kabla ya kuifunga. Ilinukia moshi na mafuta ya nazi, hakuna zaidi, na alishindwa kuelewa mtoto alipenda nini ndani yake.

Siku nne za kwanza zilikuwa mbaya. Sechelela alikaa mlangoni. Hakulia, alikaa tu, ameegemea fremu, na Wendo, aliyechukua likizo, alimwondoa hapo mara ishirini kwa siku ili kumvalisha kofia. Chapati aliikata vipande, kwa makusudi, maana hakutaka kulisha mwanawe kwa maagizo ya mtu. Sechelela hakuila. Siku ya pili Wendo akampa nzima.

Siku ya sita mistari ilisogeleana. Siku ya tisa, wakiwa juu ya zulia la sebuleni, mtoto alikuja bila kuitwa akaegemeza mgongo wake kwenye kifua cha Wendo, akabaki hapo. Alikuwa na joto, na nywele zake zilinukia jua. Wendo hakuthubutu kupumua kwa nguvu. Kwenye bamba mstari mdogo ulikuwa ukiufuata mkubwa kama kivuli. Lameck aliporudi aliwakuta hivyo hivyo, Wendo akilia bila sauti, na yeye pia akafurahi, ingawa hakukaa.

Kuanzia hapo kila kitu kilikwenda upesi. Mtoto alimfuata Wendo jikoni. Alimfuata chooni. Mlango ukifunguliwa hakuinua tena kichwa. Siku ya kumi na mbili dakta alisoma mistari kutoka kliniki akapiga simu kusema kwamba hamisho linakwenda vizuri kuliko alivyotarajia, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi.

Mchana wa siku ya kumi na tatu Perisi alipiga. Habari za mguu, habari za mvua, kisha akauliza kama Sechelela anagonga bakuli.

"Hagongi siku hizi," Wendo akajibu. "Ameacha kabisa. Nyumba imetulia." Alijisikia akijivuna, akaona haidhuru.



"Wifi," Perisi akasema, "hiyo ndiyo sauti yake."

Wendo akauliza ana maana gani. Perisi alieleza polepole, kama mtu anayeogopa kuonekana anafundisha. Ilianza mtoto alipokuwa na miaka minne. Mara mbili ni maji. Mara tatu za haraka ni kelele, nitoe hapa. Kukwaruza ukingo wa bakuli ni kwamba anaumwa mahali. Moja nzito ni mtu. Yeye Perisi alikuwa na namna yake ya kugongewa, baba alikuwa na yake. Yalikuwa maneno ishirini na saba alipoondoka, aliyaandika kwenye daftari, na kila mwezi yaliongezeka. Alifikiri wifi yake anajua. Walikuwa wakigonga pale pale jikoni, mbele yake.

"Kuna moja nzito, halafu kukwaruza mara mbili," Perisi akasema. "Hiyo huigonga jioni, ikikaribia saa kumi na moja. Anauliza kama umefika."

Wendo alikaa juu ya kiti cha jikoni. Aliikumbuka ile sauti. Aliijua vizuri sana. Ndiyo iliyompokea kila siku alipokuwa akivua viatu mlangoni, na ndiyo aliyokuwa akiomba inyamazishwe.

Alipomaliza kuongea alichukua bakuli la bati kabatini, akaliweka mbele ya mtoto pamoja na kijiko. Sechelela alilitazama, akaweka kijiko ndani ya bakuli vizuri, akavisukuma vyote pembeni. Kisha akamkumbatia mama yake mguu.

*

Kesho yake, kliniki, Dakta Mshana hakumlaumu. Alimwambia ukweli wa hali ilivyo. Akiendelea siku kumi na saba zilizobaki, atakuwa shahidi kamili, na Kioo kingemwona mtoto vizuri kiasi cha kuandika usonji. Kwa cheti hilo lingetosha. Alichobuni mtoto na shangazi yake huenda kisirudi. Akisimamisha leo, sehemu kubwa ingeweza kurudi, lakini mtoto asingeegemea moja kwa moja upande wowote kwa muda, na Wendo angepoteza hiki alichokipata. Akauliza kama anataka siku mbili za kufikiri.

Wendo alisema hapana. Lakini hakusema hapana hiyo kwa wepesi. Miaka mingi baadaye alikuwa akimwambia Lameck kwamba, pale kwenye kiti cha kliniki, alihesabu. Alijiambia kwamba mtoto anaweza kufundishwa lugha nyingine, na mwalimu yupo, na mama ni mmoja. Aliijaribu hoja hiyo kutoka kila upande na kila upande ilisimama. Kilichomshinda ni kufikiria saa kumi na moja jioni. Mwanawe alikuwa amemtafuta miaka miwili kwa lugha ambayo yeye aliiita kelele, na sasa alitaka kumpata kwa kuifuta lugha yenyewe.

"Zima," akasema.

Alikwenda Mpwapwa mwenyewe kumchukua Perisi. Hakusubiri wafike nyumbani. Alimweleza yote wakiwa wamekaa kwenye kibaraza cha mama mkwe, fomu, hamisho, kanga zilizofungwa stoo, na hakuacha kitu. Perisi alikuwa akichambua mlenda. Mikono yake ilisimama, ikaendelea, ikasimama tena. Hakutukana. Alisema kwamba siku zile zote alidhani amekosea jambo, na kila usiku alikuwa akiyapitia mambo yake moja moja bila kuliona kosa.

"Na mimi nilikuonea wivu, wifi," akasema mwisho. "Kila jioni ananiuliza habari zako. Nikienda sokoni mimi, wewe hakuulizi zangu."

Alichukua fungu la mlenda, wakachambua wote wawili mpaka ukaisha.

Walipofika Ntyuka, Sechelela alikuwa sebuleni na baba yake. Alimtazama Perisi kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia nyumba siyo, akaja kusimama nyuma ya Wendo. Perisi alitabasamu. Na Wendo, aliyekuwa ameomba radhi mchana ule ule, alihisi furaha ikimpanda kifuani, furaha mbaya, ya joto. Aliijua ni nini. Akamsukuma mtoto taratibu mbele.

Perisi hakumshika. Alikaa sakafuni, akachukua bakuli, akagonga mara mbili. Akajimiminia maji, akanywa. Alifanya hivyo siku tano bila kujibiwa. Siku ya sita Sechelela aligonga mara mbili, akapewa maji. Katika wiki tatu zilizofuata maneno kumi na nane kati ya yale ishirini na saba yalirudi, na Wendo, akirudi kutoka kazini, alijifunza kila moja kutoka kwenye daftari la wifi yake. Lile la saa kumi na moja halikurudi. Perisi aliligonga kila jioni mbele ya mtoto, na Wendo naye aliligonga, na Sechelela alisikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni.

Kipimo cha pili kilifanyika wiki mbili kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Perisi alivaa kofia. Wendo alikaa kwenye benchi ya nje, nyuma ya dirisha dogo ambapo bamba lilionekana, kwa kuwa shahidi huingia na mtoto peke yao. Aliona mstari wa mtoto ukihangaika, maana bado ulikuwa haujui uende wapi, kisha ukashuka, ukatulia, ukaanza kufuata. Ilichukua dakika arobaini. Kioo kikaona kilichokuwa chini: usonji, bila shaka yoyote, na mtoto anayeelewa karibu kila anachoambiwa, aliyekuwa akielewa siku zote.

Dakta aliandika cheti. Kwenye mstari wa shahidi akaandika Perisi Chilewa, shangazi. Chini yake palihitajika saini ya mzazi kukubali kwamba neno la shahidi litatangulia lake kwa miaka mitano. Wendo alisaini. Kalamu ilikuwa nzito, au yeye ndiye aliyekuwa amechoka. Alipoinua kichwa aliona msaidizi akimpangusa Perisi nyuma ya sikio kwa pamba, tayari kuweka kijiwe, akalazimika kutoka nje kuangalia maua ambayo hayakuwepo.

Shule ilifunguliwa Januari. Mwalimu wa chumba cha watoto wanane, mama mmoja mfupi aliyevaa kitenge cha kijani, alisoma cheti mlangoni akauliza shahidi ni nani. Perisi akasogea. Wakazungumza kuhusu mwanga, chakula, na nini mtoto afanyiwe akizidiwa. Ndipo mwalimu akamgeukia Wendo akamuuliza, kwa heshima, yeye ni nani.

"Mama yake," Wendo akasema.

"Karibu, mama. Mnaweza kusubiri pale nje siku ya kwanza."

Sechelela aliingia bila kitu sikioni, amekumbatia bakuli, akaenda moja kwa moja kukaa karibu na dirisha. Mlango ukafungwa. Wifi wawili wakakaa kwenye benchi ya saruji. Halafu kengele ya shule ililia, na Wendo akamwona Perisi akijikunja ghafla, mkono umekwenda nyuma ya sikio, uso umemkunjamana kama aliyeunguzwa na mafuta ya moto. Machozi yalimtoka kabla hajaweza kusema.

"Amefanyaje?" Wendo akauliza.

"Kengele. Imempata." Perisi alipumua kwa kinywa, macho ameyafumba. "Ngoja. Mwalimu yuko naye. Sasa inashuka."

Wendo aliutazama uso ule ukilegea kidogo kidogo. Alitamani auvue uchungu huo kwa wifi yake auvae yeye, na haikuwa huruma. Aliutamani kama mtu anavyotamani pete iliyo kidoleni mwa mwingine. Hata maumivu ya mwanawe yalikuwa yamekwenda kwa mtu mwingine kwanza, na karatasi ya kuyapeleka huko aliisaini yeye.

Alitoa leso mfukoni, akamfuta Perisi machozi, akasogea karibu naye kwenye benchi mpaka mabega yakagusana.

"Ukija uchungu mwingine niambie," akasema. "Niambie unapouma."

Perisi akaonyesha chini ya mbavu, upande wa kushoto. Wendo akaweka mkono wake pale, juu ya gauni la wifi yake, akauacha hapo mpaka watoto walipotoka.